Mousehole: Kijiji Kilichowasha Taa Zake Tena

Je, umewahi kukaa macho usiku ukimngoja mtu aliyechelewa kurudi nyumbani? Chakula umekifunika mezani, watoto wamelala, na kila kishindo cha nje kinakufanya uinue kichwa. Wengi wetu tunaujua usiku wa namna hiyo. Mwezi huu tunapenda kuwatembeza mpaka kijiji kimoja cha wavuvi huko Uingereza, ambako akina mama wameifanya kazi hiyo ya kungoja kwa mamia ya miaka. Kijiji chenyewe ni kidogo, na kwenye ramani nyingi hakionekani. Lakini mambo yaliyokipata, na jinsi wenyeji walivyosimama tena, yana somo kwa kila nyumba.

JINA LA AJABU

Kijiji hicho kinaitwa Mousehole. Kwa Kiingereza maana yake ni tundu la panya, ingawa wenyeji hawalitamki kama lilivyoandikwa. Wao husema "Mauzol", tena kwa haraka. Kiko Cornwall, ile pembe ndefu ya nchi inayochomoza baharini upande wa kusini-magharibi. Treni itokayo London hufika mwisho wa reli katika mji wa Penzance baada ya safari ya saa tano hivi. Kutoka hapo ni kilomita tano tu kwa kufuata ufuo.

Nyumba zake ni za mawe magumu, zimebanana juu ya mteremko kama kondoo wanaokimbia mvua. Vichochoro vyake ni vyembamba, gari hupita kwa shida. Bandari ni ndogo, imekumbatiwa na kuta za mawe, na maji yakipwa mashua zote hubaki zimekaa juu ya mchanga. Majira ya baridi yanapofika, mdomo wa bandari huzibwa kwa magogo makubwa ili mawimbi yasiingie ndani. Mbele yake kuna kisiwa kidogo cha miamba kiitwacho St Clement's Isle. Kisiwa hicho ndicho kilichokipa kijiji jina lake la kale, Porthenys, yaani bandari ya kisiwa.

Leo mgeni akifika huona mahali pa utulivu na akapiga picha. Lakini utulivu huo umegharimu mengi.

MOTO KUTOKA BAHARINI

Asubuhi ya Julai 23, 1595, wakati Uingereza na Hispania zilipokuwa vitani, meli nne za Kihispania zilitokeza mbele ya kijiji. Askari wapatao 400 walishuka pwani. Watu walikimbilia vilimani na watoto wao mgongoni. Askari waliichoma Mousehole, wakapanda hadi kanisa la parokia lililo juu ya kilima, mahali paitwapo Paul, wakalichoma nalo. Kisha wakaenda kuichoma miji ya Newlyn na Penzance.

Wenyeji waliporudi walikuta majivu. Katika kijiji kizima ni nyumba moja tu iliyosalimika, ya mzee Jenkyn Keigwin, ambaye aliuawa akiilinda. Nyumba hiyo ipo hadi leo, na kibao ukutani kinakumbusha jina lake na siku aliyokufa.

Ungetazamia kwamba hadithi ya kijiji ingeishia hapo. Haikuishia. Watu walipandisha kuta upya, wakaezeka, wakarudi baharini. Kanisa nalo likajengwa tena. Tuliweke jambo hili moyoni, maana tutalirudia: kilichoondoka kwa moto, kila mtu alikiona kikiondoka, na kila mtu akajua la kufanya.

DAGAA, CHUMVI NA MIKONO YA AKINA MAMA

Kwa muda mrefu riziki ya pwani hii ilikuwa aina ya dagaa wakubwa, wenye urefu kama wa shubiri moja, waliokuja kwa makundi makubwa karibu na nchi kavu. Kuwavua ilikuwa kazi ya wanaume. Lakini mashua zilipotia nanga, kazi ya wanawake ndiyo kwanza ilianza, tena mara nyingi usiku, kwa sababu samaki hawangoji mapambazuko.

Katika maghala ya mawe, akina mama na wasichana walipanga samaki safu kwa safu: safu ya chumvi, safu ya dagaa, chumvi tena, mpaka lundo likafika kifuani. Lundo hilo liliachwa kwa wiki kadhaa. Kisha samaki waliwekwa katika mapipa na kugandamizwa kwa mawe mazito, mafuta yakachuruzika. Hata mafuta hayo hayakutupwa, yalitiwa katika taa za nyumbani. Mapipa yalisafirishwa hadi Italia, ambako Wakatoliki waliwahitaji samaki hao hasa wakati wa Kwaresima. Kwa hiyo mezani pa mama wa Kiitaliano aliyekuwa amefunga nyama, palikuwa na jasho la mama wa Cornwall ambaye hawakuonana kamwe.

Wanawake wengine walikuwa wachuuzi. Walibeba samaki mgongoni katika vikapu vikubwa, mshipi umepita juu ya paji la uso, wakatembea maili nyingi kuuza nyumba hadi nyumba. Msomaji wetu aliyewahi kubeba kuni kwa mtindo huo anajua shingo inavyouma jioni.

Dini nayo ilishika mizizi. Mhubiri John Wesley alianza kuizuru Cornwall mwaka 1743, na wavuvi wengi walimsikiliza. Vizazi vilivyofuata viliiheshimu Jumapili kiasi cha kutopeleka mashua baharini. Mwaka 1896 wavuvi wa pwani hii walizua ghasia katika bandari ya jirani ya Newlyn, wakipinga mashua za kutoka mashariki ya nchi zilizovua siku ya Jumapili na kuharibu bei. Serikali ilileta askari kutuliza. Hatusifu ghasia, tunaonyesha tu kwamba siku hiyo moja ya mapumziko haikuwa jambo dogo kwao.

Na kila mwaka, Desemba 23, kijiji humkumbuka mvuvi wa hadithi za kale aitwaye Tom Bawcock. Wanasimulia kwamba majira fulani ya baridi dhoruba hazikukoma, mashua zikafungwa bandarini na watu wakaanza kufa njaa. Tom akatoka peke yake katikati ya bahari iliyochafuka, akarudi na samaki wa aina saba, kijiji kizima kikala. Kwa ukumbusho wake hupikwa pai ya samaki, viazi na mayai, ambayo vichwa vya samaki huchomoza juu ya unga kana kwamba wanatazama nyota. Wapishi husema kuna faida pia: mafuta ya vichwa hurudi ndani ya pai na kuinogesha. Pai hiyo huliwa Ship Inn, nyumba ya wageni iliyo ukingoni mwa bandari. Nyumba hiyo tutaifikia tena.

MAMA MUUZA SAMAKI NA LUGHA YAKE

Cornwall ilikuwa na lugha yake, Kikorni, ndugu wa lugha ya Wales. Kwa karne nyingi ndiyo iliyokuwa lugha ya kubembelezea watoto, ya kupatania bei na ya kugombania. Mwaka 1549 serikali iliagiza kwamba ibada zote ziendeshwe kwa Kiingereza. Watu wa Cornwall waliasi, wengine wakilalamika kwamba hawakijui Kiingereza, na wengi waliuawa. Watu wa Wales walipata Biblia nzima katika lugha yao mwaka 1588, na mpaka leo lugha yao ingali hai. Kikorni hakikupata Biblia wala kitabu cha sala. Kikawa lugha ya nyumbani tu, kisha lugha ya wazee, kisha lugha ya kuchekwa.

Mwaka 1768 mwanasheria mmoja mpenda mambo ya kale, Daines Barrington, alifika Mousehole akimtafuta mtu yeyote anayekisema bado. Alipelekwa kwa mchuuzi wa samaki mwenye umri mkubwa aitwaye Dolly Pentreath. Alipoonyesha shaka kwamba mama huyo anaijua lugha hiyo, Dolly alimfokea kwa dakika mbili tatu kwa maneno ambayo mgeni hakuyaelewa hata moja. Mlangoni pa nyumba jirani walisimama wanawake wawili, wadogo kwake kwa miaka kumi hivi, wakicheka. Barrington akawauliza kama ametukanwa. Wakajibu kwamba ndiyo, tena sana, kwa sababu alidhani mama huyo hawezi kusema Kikorni.

Kisa kinachekesha, lakini hebu tuwatazame wale wanawake wawili. Walielewa kila neno. Walicheka mahali pa kuchekea. Ila wao wenyewe hawakuweza kuisema lugha hiyo vizuri. Walikuwa na masikio yake bila ulimi wake. Na watoto wao je? Hao hawakubaki hata na masikio. Miaka kumi tu ya tofauti kati ya jirani na jirani, na mlango ulikuwa umekwisha kufungwa.

Dolly alifariki Desemba 1777 akazikwa Paul. Hakuwa peke yake kabisa: mwaka mmoja kabla, mvuvi wa kijiji hicho hicho, William Bodinar, aliandika barua kwa Kikorni akisema wamebaki wazee wanne au watano, na kwamba yeye alijifunza utotoni alipokwenda baharini na wazee. Lakini jina lililobaki midomoni mwa watu ni la Dolly. Mwaka 1860 mwanamfalme Louis Lucien Bonaparte, wa ukoo wa Napoleon na mpenzi mkubwa wa lugha, alishirikiana na kasisi wa Paul kumwekea jiwe la ukumbusho katika ukuta wa uwanja wa kanisa. Juu yake waliandika, kwa Kiingereza na kwa Kikorni, ile amri ya kuwaheshimu baba na mama.

Hawakukosea kuichagua amri hiyo. Hakuna askari aliyeingia nyumba za Mousehole kuwakataza akina mama kusema na watoto wao. Kila mama aliona kwamba Kiingereza kitampa mwanawe kazi, akafanya aliloliona jema. Je, si hivyo hivyo tunavyofanya sisi, tunapowakemea watoto wasiseme lugha ya bibi yao ili wafaulu shuleni? Kiingereza wajifunze, wala hatusemi wasijifunze. Lakini wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Nyumba ina nafasi ya lugha zaidi ya moja.

Jambo la kutia moyo ni kwamba wapo waliojitahidi kukirudisha Kikorni. Mwaka 1904 Henry Jenner alitoa kitabu cha kufundishia. Mwaka 2002 serikali ya Uingereza iliitambua rasmi lugha hiyo, na mwaka 2011 Biblia nzima ilitoka kwa Kikorni. Lakini angalia miaka ilivyopita! Kile ambacho mama angekitoa bure jikoni, wajukuu wanakitafuta sasa kwa vitabu na masomo ya jioni.

NDEGE ELFU NANE

Kabla hatujafika kwenye usiku mkuu wa kijiji hiki, tuwataje dada wawili, Dorothy na Phyllis Yglesias, waliofungua hospitali ya ndege wa porini hapo Mousehole mwaka 1928. Wengine waliwaona watu wa ajabu. Lakini Machi 1967 meli kubwa ya mafuta, Torrey Canyon, ilipogonga mwamba karibu na pwani hiyo, bahari ikawa nyeusi. Hospitali ile ndogo ilipokea ndege zaidi ya 8,000 waliogandamana na mafuta. Wengi walikufa. Lakini watu walikuwa wamejua mahali pa kuwapeleka, kwa sababu dada wawili walikuwa wamelianza jambo dogo miaka mingi kabla halijahitajika.

USIKU WA DESEMBA 19, 1981

Ilikuwa Jumamosi, siku chache kabla ya Krismasi. Meli mpya ya mizigo, Union Star, ilikuwa katika safari yake ya kwanza kutoka Uholanzi kwenda Ireland, imebeba mbolea. Njiani kapteni alikuwa amempakia mkewe pamoja na mabinti wawili wa mama huyo, ili familia iwe pamoja wakati wa sikukuu. Mtu gani angemlaumu? Karibu na pwani ya Cornwall injini ilizimika, na dhoruba ikaanza kuisukuma meli kuelekea kwenye miamba. Upepo ulizidi kilomita 160 kwa saa. Mawimbi yalifikia mita 18, kimo cha nyumba ya ghorofa tano au zaidi. Helikopta ya jeshi la majini ilijaribu kuwanyanyua watu ikashindwa.

Ndipo ilipoitwa mashua ya kuokolea watu ya Penlee, jirani na Mousehole. Iliitwa Solomon Browne, mashua ya mbao yenye urefu wa mita 14 hivi. Huko Uingereza kazi hiyo husimamiwa na chama cha hisani kilichoanzishwa mwaka 1824, na waliotoka usiku ule walikuwa watu wa kujitolea. Walikuwemo wavuvi, fundi wa simu, na Charles Greenhaugh, mwenyeji wa ile nyumba ya wageni, Ship Inn.

Wanaume wengi zaidi ya waliohitajika walikimbilia huko. Kati yao alikuwamo kijana wa miaka 17, aliyefika pamoja na baba yake. Nahodha, Trevelyan Richards, alimchukua baba akamkataa mwana. Katika usiku kama ule, alisema, hatachukua wawili kutoka nyumba moja. Kijana alibaki ufukoni. Wanaume wanane wakashuka majini saa 2 na dakika 12 usiku.

Walijaribu mara nyingi kuisogelea meli. Wakati mmoja wimbi liliinyanyua mashua na kuibwaga juu ya sitaha ya meli yenyewe, ikateleza ikarudi majini, nao wakajaribu tena. Rubani wa helikopta aliyekuwa akitazama kutoka juu alieleza baadaye kwamba hajapata kuona ushujaa mkubwa kama ule. Muda mfupi baada ya saa 3 usiku sauti ilisikika kwenye redio ikisema wamewapata watu wanne. Kisha redio ikanyamaza. Haikusema tena.

Walikufa watu 16: wanane wa meli na wanane wa mashua. Miili mingine haikupatikana kamwe. Katika kijiji kidogo kama kile hapakuwa na mlango ambao msiba haukuufikia.

Tumfikirie yule mama ambaye mumewe hakurudi, lakini mwanawe alikuwa hai, kwa sababu katika dakika ile ya haraka mtu mmoja aliikumbuka nyumba yake. Nahodha Richards hakuwa na muda wa kukaa kikao. Alijua tu kwamba nyuma ya kila mwanamume aliyesimama mbele yake kulikuwa na mama au mke anayengoja.

Siku moja haikupita kabla watu wa kutosha hawajajitokeza kuunda kikosi kipya. Na kijana yule aliyekataliwa? Naye alijiunga na kazi ile ile, na miaka ya baadaye akawa nahodha wa mashua ya Penlee. Michango kutoka nchi nzima ilizidi pauni milioni 3. Serikali ilipofikiria kuitoza kodi, wananchi walipiga kelele mpaka wazo hilo likaachwa.

TAA

Tangu mwaka 1963, msanii Joan Gillchrest alipotundika taa za rangi bandarini, Mousehole imekuwa ikijulikana kwa taa zake za Krismasi. Mwaka ule wa 1981 aliyeziwasha, siku mbili tu kabla ya msiba, alikuwa Charles Greenhaugh. Baada ya usiku ule zilizimwa. Nani angekuwa na moyo wa kutazama taa?

Siku tatu zikapita. Ndipo mtu mmoja alipoomba ziwashwe tena. Alikuwa mjane wa Greenhaugh. Hakuwa amemaliza kulia. Msiba wa namna hiyo hauishi kwa siku tatu. Lakini kijiji kilikuwa na watoto, na Krismasi ilikuwa inakuja. Taa ambazo mumewe aliziwasha zikawaka tena juu ya maji yale yale.

Mpaka leo, kila Desemba 19, taa za bandari huzimwa kuanzia saa 2 hadi saa 3 usiku. Huachwa msalaba tu pamoja na malaika waking'aa gizani, na watu husimama kimya. Kisha taa zote huwashwa. Saa moja ya giza kwa ajili ya waliokwenda, kisha nuru kwa ajili ya waliobaki. Tunadhani ni desturi yenye hekima, kwani haiwasahau wafu wala haiwanyimi walio hai.

NYUMBA ZISIZO NA TAA

Siku hizi Mousehole ina tatizo jingine. Uzuri wake umewavutia wenye fedha, na nyumba nyingi za wavuvi zimenunuliwa kuwa za likizo. Bei zimepanda kiasi kwamba kijana aliyezaliwa hapo hawezi kununua chumba alichozaliwa bibi yake. Majira ya baridi wageni wanapoondoka, madirisha mengi hukaa giza. Hakuna dhoruba iliyoyazima. Nyumba ziliuzwa moja moja, kila moja kwa sababu nzuri.

Hapo ndipo tunapolikumbuka lile tuliloliweka moyoni. Moto wa mwaka 1595 haukukimaliza kijiji, wala dhoruba ya mwaka 1981. Hasara ya kishindo watu waliiona, wakalia pamoja, wakajenga pamoja. Iliyowashinda ni hasara ya kimya, lugha iliyoachwa nyumba hadi nyumba, bila kilio na bila kikao.

Nasi majumbani mwetu ni hivyo hivyo. Ugonjwa ukiingia, majirani huja. Nyumba ikiungua, kanisa huchanga. Lakini nani huja siku familia inapoacha kula pamoja, au bibi anapokuwa hana tena mjukuu anayeelewa hadithi zake? Hayo hayana king'ora. Hayana mtu wa kuyatambua isipokuwa aliyemo ndani, na mara nyingi aliyemo ndani ni mama.

Basi jioni moja wiki hii, watoto wakiwa bado macho, hebu tuchague jambo moja ambalo limeanza kufifia nyumbani kwetu, tuliwashe tena. Wala tusingoje mpaka moyo utulie. Yule mjane wa Mousehole hakungoja.